Hofu Iingiayo kwa Sikio

Filamu ya kuogofya inayotengenezwa na wanafunzi katika shule au chuo cha Meru au Embu huwa na kamera moja, mara nyingi ile ya simu, waigizaji ambao ni wanafunzi wenzao wa darasani, shuka jeupe la bwenini linalogeuka kuwa vazi la mzimu, na usiku ambao kwa kweli ni saa kumi na moja ya jioni iliyotiwa weusi baadaye katika kompyuta. Picha za namna hiyo haziwezi kumtisha mtazamaji zikiwa peke yake, kwa kuwa mtazamaji anamjua aliyejifunika shuka, analijua bweni lenyewe, na pengine alikuwepo siku picha zilipokuwa zikipigwa. Yanayobaki kufanya kazi ya kutisha ni mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyaacha hadi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha filamu: sauti, pamoja na maandishi yanayotokea kwenye skrini, kuanzia jina la filamu hadi orodha ya walioshiriki. Uhariri wa sauti, yaani kazi ya kuchagua, kukata, kusafisha, kupanga na kupima viwango vya kila kinachosikika, pamoja na uhariri wa maandishi, ndipo hasa filamu ya aina hii inapoandikwa upya, na hoja inayojengwa hapa ni kwamba kazi hizo mbili hufaulu pale tu zinapotolewa katika usiku ambao watazamaji wenyewe wameulala, katika lugha wanazozisema, na kwa kuwajibika mbele ya kumbukumbu walizo nazo.

Jukwaa la kazi hizo lipo. Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la Kenya, ambalo asili yake ni mashindano ya drama ya shule yaliyoanza mwaka 1959, liliipokea filamu katika muongo wa 2010, na mwaka 2024 fainali zake zilifanyika Embu. Ratiba ya tamasha ina athari kubwa kwa sauti kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mashindano ya ngazi za chini huangukia muhula wa kwanza na fainali huja mwezi wa Aprili, hivyo wanafunzi hurekodi wakati uleule mvua za masika zinapoanza kupiga mabati ya madarasa na kumeza kila neno linalosemwa chini yake. Wala utanzu wenyewe si mgeni katika Afrika Mashariki: mwongozaji Mtanzania Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na Mkenya Mbithi Masya akatoa Kati Kati mwaka 2016, filamu ya marehemu asiyejua kwamba amekufa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuogofya ana watangulizi wa karibu, na hana sababu ya kudhani kwamba kielelezo chake cha pekee ni nyumba ya mbao katika msitu wa Marekani.

Mandhari yenyewe ya eneo hili ni mwalimu wa sauti. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya imekatwakatwa na mito, miongoni mwayo Rupingazi, Thuci, Nithi na Mutonga, hivi kwamba barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hushuka na kupanda mabonde mengi, na mtu aliye upande mmoja wa bonde husikia mambo ya upande wa pili kabla ya kuyaona au bila kuyaona kabisa: mbwa anayebweka, nyimbo za mkesha wa maombi, mashine ya kusaga, mtu anayeita jina la mtu mwingine gizani. Mfaransa Michel Chion, aliyetoa mwaka 1982 kitabu kizima kuhusu sauti ya binadamu katika sinema, alichukua kutoka kwa mtunzi wa muziki Pierre Schaeffer dhana ya sauti ya kiakuzmatiki, maana yake sauti inayosikika huku chanzo chake kikiwa hakionekani, na akaeleza kwamba msemaji asiyeonekana hupata katika filamu uwezo wa kuwa kila mahali na kujua kila kitu, uwezo unaomtoka mara tu uso wake unapoonyeshwa. Mwanafunzi wa Runyenjes au Nkubu amekua ndani ya dhana hiyo bila kuijua kwa jina. Kinachomfaa ni kuambiwa kwamba aliyoyasikia tangu utotoni ni elimu kamili ya filamu, na kwamba bonde la kwao linaweza kuingia katika kazi yake kama lilivyo, kwa masikio, bila kupigwa picha hata moja.

Mfano ulio wazi ni pikapu za miraa zinazotoka Maua na sehemu nyingine za Igembe kuelekea Nairobi, ambazo huendeshwa kwa kasi kwa sababu miraa hupoteza thamani inaponyauka. Injini ya gari kama hilo husikika ikipanda kwa mbali, hupotea nyuma ya mgongo wa kilima, hurudi ikiwa na nguvu zaidi, na kati ya kupotea na kurudi kwake msikilizaji aliyesimama kando ya barabara hana hakika gari liko upande gani. Mhariri anayeweka mlio huo chini ya tukio la msichana anayevuka barabara usiku, akaukata pale unapopotea na asiurudishe, ameunda wasiwasi ambao hakuna rangi ya damu inayoweza kuununua. Katika filamu ya Marekani Cat People ya mwaka 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea usiku akihisi kufuatwa, mlio wa viatu vya anayemfuata unakoma, ukimya unatanda, kisha kinachoukatiza ukimya huo kwa mlio mkali kama wa mnyama ni breki za basi linalosimama mbele yake. Watengenezaji filamu wengi wameiga breki hizo kwa kuweka kishindo cha ghafla kila baada ya dakika chache, lakini ufundi wa mhariri wa filamu ile, Mark Robson, umo zaidi katika hatua ambazo hazisikiki tena kuliko katika basi lenyewe. Kishindo kisichotanguliwa na kusikiliza humshtua mtu kama anavyoshtuka mlango ukibamizwa na upepo, na mshtuko huo huisha palepale, ilhali aliyekuwa akitega sikio hubaki ameshikwa hata baada ya basi kuondoka.

Hapa ndipo swali la chanzo cha sauti linapokuwa zito. Wanafunzi wengi hupakua milio kutoka kwenye hazina za intaneti, ambako kuna mlio wa mbwamwitu wa misitu ya theluji, kengele za makanisa ya Ulaya, milango ya mbao mizito inayokwaruza, na ngurumo ambazo zimetumiwa katika filamu nyingi kiasi kwamba sikio huzitambua kama mapambo. Milio hiyo haina ubaya kwa yenyewe, lakini haina mahali. Katika misitu ya Mlima Kenya anaishi perere, mnyama mdogo mwenye manyoya mazito, jamaa wa pimbi wa miambani na, kwa ukoo wa mbali, wa ndovu, ambaye hushinda mafichoni katika mashimo ya miti na usiku hutoa mlio unaoanza kwa mikwaruzo kama ya bawaba kavu, ukapanda hatua kwa hatua hadi ukawa mayowe yanayoweza kudhaniwa kuwa ya mtoto anayekabwa. Mtu aliyelala kando ya msitu huo akausikia kwa mara ya kwanza hausahau, na mtu aliyeuzoea tangu utotoni anajua kwamba ni mnyama tu, jambo linalompa mhariri nafasi adimu: anaweza kuuweka mlio wa perere mwanzoni mwa filamu ukiwa mlio wa kawaida wa usiku, mtazamaji wa Meru akatulia kwa kuutambua, kisha baadaye akauweka tena mahali ambapo perere hawezi kuwa, kwa mfano ndani ya bweni. Kadhalika kuna bundi juu ya paa, ambaye wengi bado humhusisha na habari za msiba, kuna fisi wa nyanda za chini za Mbeere na Tharaka, kuna mvua ya kwanza juu ya mabati, na kuna ukimya unaoingia ghafla jenereta ya shule inapozimwa. Inafaa kukumbuka kwamba Meru iliwahi kusikika duniani kote kwa sauti isiyo yake: filamu Born Free ya mwaka 1966, iliyosimulia habari za simba Elsa, ambaye kaburi lake limo katika Mbuga ya Taifa ya Meru, ilimpatia Mwingereza John Barry tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake, na tangu hapo wageni wengi waliposikia vinanda vile waliona nyika ya Kenya. Muziki huo ni mzuri, lakini nyika yenyewe haijawahi kulia hivyo.

Kurekodi milio ya mahali kunahitaji maarifa machache ambayo hayana gharama. Simu nyingi hurekebisha zenyewe kiwango cha sauti inayoingia, maana yake panapokuwa na kelele hupunguza, na panapokuwa kimya huongeza, kwa hiyo kimya kilichorekodiwa kwa simu hujaa mchemko wa umeme na upepo uliokuzwa kupita kiasi, na mwanafunzi akiusikia mchemko huo humiminia muziki juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kuuficha. Dawa yake ni kutumia programu ya kurekodia inayoruhusu marekebisho hayo yazimwe, kuisogeza simu karibu na chanzo cha mlio, kuikinga na upepo kwa kitambaa chepesi, na kurekodi katika kila mahali palipopigwa picha dakika moja ya kimya cha hapo, watu wote wakiwa wametulia. Kimya hicho, ambacho ni sauti ya mahali penyewe pasiposemwa neno, hutandazwa chini ya mazungumzo yote ya tukio ili mikato isisikike, kwa kuwa hakuna kimya kinachofanana na kingine: kimya cha darasa la mawe la Kangaru si kimya cha shamba la kahawa la Manyatta wala cha mwambao wa Ziwa Nkunga, ndani ya msitu ulio karibu na mji wa Meru. Programu za bure kama Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, zinatosha kabisa kwa kazi hii, na mhariri anayesikiliza kwa makini katika kompyuta kuukuu atamshinda mwenye vifaa vipya asiyesikiliza.

Kuna pia suala la muda, yaani sauti na picha kukutana au kutokutana. Katika filamu ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu hudumu milisekunde 40, na viwango vya kimataifa vya utangazaji huonyesha kwamba watu huanza kugundua kasoro pale sauti inapoitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, ilhali huivumilia ikichelewa hadi takriban 125. Tofauti hiyo ina maelezo ambayo mkulima wa Embu anayaona kila siku. Mtu anayekata mti upande wa pili wa bonde lenye upana wa nusu kilomita huonekana shoka lake likitua, na mlio huja baada ya karibu sekunde moja na nusu, kwa kuwa sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde, basi sikio limezoea kuchelewa na halijazoea kuwahi. Mhariri wa filamu ya kuogofya anaweza kuutumia ujuzi huu kwa makusudi, kwa kuufanya mlio wa hatua za mhusika mmoja tu uwahi kidogo kabla ya mguu kugusa ardhi, kiasi cha fremu mbili, na mtazamaji asiyejua kilichofanyika atahisi kwamba mtu yule ana kasoro fulani kabla ya hadithi kumwambia hivyo.

Kasoro ndogo ya namna hiyo ilijulikana katika simulizi za jamii za Mlima Kenya na majirani zao muda mrefu kabla ya sinema. Kuna kisa kinachosimuliwa kwa namna nyingi cha mama anayewaficha watoto na kuwaachia wimbo wa kuwatambulisha kwamba ni yeye aliyerudi, na zimwi linalojifunza wimbo huo, likashindwa mara ya kwanza kwa sababu sauti yake ni nene mno, likaenda kwa fundi au mganga kulainishiwa koo, kisha likarudi na kuimba kama mama. Kwa lugha ya uhariri, zimwi lile lilikwenda kubadilishiwa kimo cha sauti, yaani wingi wa mitetemo kwa sekunde unaoifanya sauti iwe nyembamba au nene, na kisa chenyewe kinaeleza wazi ni toleo lipi linalotisha zaidi. Sauti nene ya mwanzo haimdanganyi mtoto yeyote. Inayoogofya ni ya pili, iliyo karibu kuwa sahihi, kwa sababu inamfanya mtoto aliye ndani aanze kuitilia shaka hata sauti ya mama halisi, na kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo filamu nyingi za wanafunzi huchagua lile zimwi la mara ya kwanza: msemaji wa ulimwengu wa wafu hushushwa oktavo nzima, yaani mitetemo ya sauti yake hupunguzwa nusu, akanguruma hadi maneno yasieleweke. Kuishusha sauti nusutoni moja tu, ambako ni kupunguza mitetemo kwa takriban asilimia 6, kisha kuilaza juu ya sauti ileile isiyoguswa, au kuondoa pumzi zote kati ya sentensi ili msemaji asikike akizungumza bila kuvuta hewa, huacha neno zima lisikike na kumwacha msikilizaji akijiuliza ni nini kisicho sawa. Mwanafunzi aliyesimuliwa kisa hicho na nyanyake kwa Kiimenti, Kitharaka au Kimbeere amepewa somo la usanifu wa sauti, na ni hasara kubwa akiliacha nyumbani ili akatafute somo kama hilo kwa wageni.

Mayowe yanahitaji kuzungumzwa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Luc Arnal, David Poeppel na wenzao ulionyesha kwamba mayowe ya binadamu hutofautiana na usemi wa kawaida kwa ukwaruzo wake, maana yake ukubwa wa sauti hupanda na kushuka kwa kasi kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba ving'ora vingi vya tahadhari vina ukwaruzo huohuo, ambao huziamsha sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu. Mayowe basi ni chombo chenye nguvu ambacho mwili hauwezi kukikataa, na kwa sababu hiyo hiyo mhariri hana haki ya kukitumia ovyo. Mnamo Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Tigania, wasichana 19 walikufa usiku ambao wavulana wa shule hiyohiyo walivamia bweni walimokuwa, na wengi wengine wakatendewa ukatili wa kingono. Wapo Meru leo wazazi, walimu na wanakijiji ambao, wakisikia kutoka kwenye vipaza sauti vya ukumbi wasichana wakipiga kelele bwenini usiku, hawasikii filamu. Hili halimzuii mwanafunzi kutengeneza filamu ya bweni, kwa kuwa bweni ndilo mahali ambapo hofu nyingi za maisha ya shule hukaa, lakini linamtaka ajue sauti hiyo inaamsha nini kwa aliyeketi nyuma ya ukumbi. Mhariri anayeyaondoa mayowe hayo, akabakiza mlango, nyayo, na godoro linalolalia upande mmoja, hajapunguza nguvu ya filamu yake hata kidogo, naye amewaheshimu waliokufa.

Ukumbi wenyewe hubadilisha kila kitu kilichopangwa. Filamu huhaririwa kwa spika za masikioni usiku, kisha huonyeshwa mchana katika bwalo la chakula lenye kuta za mawe na paa la mabati, kwa vipaza sauti vinavyotumika kwa ibada, ambako mwangwi hurefusha kila mlio na ngurumo za chini hugeuka kuwa uvumi usio na umbo. Wanaoitazama baadaye kwa simu hupata tatizo la kinyume, maana spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa mitetemo ya chini, na ule mvumo mzito uliowekwa ili kutia hofu hutoweka wote. Kwa kuwa sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya mitetemo takriban 2,000 na 5,000 kwa sekunde, hofu inayojengwa katika eneo hilo, kwa mikwaruzo, minong'ono, pumzi na milio ya wadudu, husafiri salama kutoka bwaloni hadi kwenye simu. Nafuu zaidi ni kwenda katika ukumbi siku moja kabla, kucheza dakika tano za filamu, kusimama nyuma kabisa, na kurudi kurekebisha.

Maandishi ya filamu huja kabla ya sauti zote na hubaki baada yake, lakini ndiyo yanayopewa muda mfupi zaidi. Jina la filamu likiandikwa kwa herufi zinazochuruzika damu humwambia mtazamaji mapema kwamba asihofu, kwa kuwa amekwisha kuoneshwa utani. Saul Bass alipounda maandishi ya mwanzo ya Psycho ya Alfred Hitchcock mwaka 1960 alitumia herufi za kawaida zilizokatwa na mistari inayopita kushoto na kulia hadi maneno yakavunjika na kuungana tena, huku muziki wa Bernard Herrmann, uliopigwa kwa ala za nyuzi peke yake, ukikata kwa mwendo uleule, na hofu ikawa katika mkato badala ya kuwa katika umbo la herufi. Jambo kama hilo linawezekana katika programu yoyote ya bure: jina jeupe juu ya weusi, kimya cha mahali chini yake badala ya muziki, na herufi moja inayochelewa kidogo kuondoka. Kuhusu muda, maandishi yabaki kwenye skrini kwa kiasi cha kusomwa mara mbili kwa sauti na mtu asiye na haraka, kwa kuwa aliyeyahariri anayajua kwa moyo na huyaona marefu kuliko yalivyo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wahariri wa Meru na Embu hukutana nacho na ambacho vitabu vya ufundi vya ng'ambo havikitaji. Kimeru na Kiembu, kama Kikuyu, huandikwa kwa irabu saba, na mbili kati yake ni ĩ na ũ zenye alama ya wimbi juu. Fonti, yaani seti za maumbo ya herufi, zilizoundwa kwa ajili ya filamu za kuogofya huchorwa na watu wanaowazia Kiingereza, kwa hiyo nyingi hazina herufi hizo mbili, na programu inapokosa umbo hujaza kisanduku kitupu au huazima herufi kutoka fonti nyingine isiyolingana. Filamu yenye jina la Ũtukũ, yaani usiku, ingekuwa na herufi mbili kati ya tano zisizo zake. Wengi hutatua shida hiyo kwa kuiondoa alama, na neno hubaki likiwa halisomeki sawasawa hata kwa mwenye lugha. Njia iliyo bora ni kuchagua tangu mwanzo fonti pana zenye herufi za Kilatini zilizopanuliwa, ambazo ziko nyingi na za bure, au kuandika jina kwa mkono, kwa chaki ubaoni au kwa makaa juu ya ubao wa mbao, na kulipiga picha. Uandishi wa mkono una faida ya kuwa na mahali pake, sawa na mlio wa perere, na hakuna kampuni duniani inayouza mwandiko huo. Herufi zisizo kamili kwenye jina humwambia mzee aliyealikwa ukumbini kwamba lugha yake imeingizwa kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo mwanafunzi hakulikusudia.

Maandishi yenye hatari kubwa zaidi ni sentensi fupi inayodai kwamba filamu imetokana na kisa cha kweli. Nguvu ya sentensi hiyo ilionekana mwaka 1999, pale Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliofahamiana wakisomea filamu katika Chuo Kikuu cha Florida ya Kati, walipoianza The Blair Witch Project kwa maelezo mafupi kwamba wanafunzi watatu wa filamu walitoweka msituni mwaka 1994 na picha zao zikapatikana mwaka mmoja baadaye, na filamu hiyo ya bei ndogo ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Hakuna aliyetoweka, na kwa hiyo hakuna familia iliyoumizwa. Hali ni tofauti kabisa mwanafunzi anapoiweka sentensi hiyo juu ya picha ya daraja la Nithi, katika Tharaka-Nithi, barabarani kati ya Embu na Meru, ambako watu wengi wamekufa katika ajali na ambako Julai 2022 basi lilitumbukia na kuua watu zaidi ya 30. Hadithi za mizimu zinazozunguka daraja hilo zina mvuto mkubwa kwa filamu, lakini mteremko mkali na kona iliyoko hapo zinatosha kueleza ajali nyingi, na sentensi inayoyahamisha mauti hayo kwenye mizimu huwanyang'anya wafiwa swali lao kuhusu barabara. Filamu inaweza kubuni daraja lake, ikalipa jina lake, na ikatisha vilevile.

Maandishi mengine ya skrini ni bango la uainishaji: sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, inataka filamu inayoonyeshwa hadharani ipitiwe na Bodi ya Kuainisha Filamu, inayozipanga kazi kuanzia zile za watazamaji wote hadi za umri wa miaka 16 na 18, na kazi ya wanafunzi inayotegemea sauti badala ya damu ina nafasi nzuri zaidi ya kuwafikia wanafunzi wengine.

Orodha ya mwisho, ile ya walioshiriki, hustahili subira kuliko inavyopewa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda muziki na rekodi za watu wengine, na milio mingi inayotolewa bure kwenye intaneti hutolewa kwa sharti kwamba aliyeirekodi atajwe, hivyo mhariri huweka tangu siku ya kwanza daftari lenye jina la kila mlio, mahali ulipotoka na aliyeutoa, badala ya kuyatafuta hayo saa sita usiku. Katika orodha hiyo huingia pia wale ambao kwa kawaida husahaulika: nyanya aliyeimba wimbo wa zimwi mbele ya simu, mlinzi aliyefungua lango baada ya saa za kulala, mpishi aliyenyamazisha jiko ili kimya kirekodiwe, dereva aliyekubali kupita na gari lake barabarani mara kadhaa. Majina yao huandikwa kama wanavyoyaandika wenyewe, na huthibitishwa kwa kuwauliza, kwa sababu Mũthoni na Kĩrĩmi wana haki ya alama zao za wimbi sawa na jina la filamu, na mhariri anayeharakisha orodha hii ipite kwa sekunde kumi humnyima nyanya huyo, aliyekuja kutoka Siakago au Mikinduri kwa matatu mbili ili aione, nafasi ya kulisoma jina lake.